Nyuma ya Geti la Kina Warda

Usilolijua ni kama usiku wa giza, walisema waliotutangulia. Asiyejua jambo hulipapasa, na katika kupapasa hushika pasipo pake, kisha akaapa kwamba ameona kwa macho yake mawili. Hayo ndiyo yaliyomkuta Salwa, binti wa miaka kumi na mmoja, pembezoni mwa mji wa Kibiti.

Zamani mtaani kwao palikuwa na mikorosho mitupu. Siku hizi, loo! Mikorosho imekatwa, viwanja vimepimwa, na kila anayepata mifuko miwili ya saruji anajizungushia ukuta. Salwa na Warda walikua pamoja kabla ya kuta hizo. Nyumba zao zilitenganishwa na ua wa makuti wenye tundu la kupenya mtoto, na kupitia tundu hilo waliazimana chumvi, makaa na siri. Warda alimzidi mwenzake miaka miwili, lakini walikuwa chanda na pete.

Mwaka huo walikuwa wakisuka mkeka wao. Bibi yake Warda aliwaletea ukindu kutoka delta ya mto, wakautia rangi ya zambarau, kila mmoja akaanza kusuka ukili wake, ule ukanda mrefu wa kushonea mkeka. Wakimaliza, watashona vipande vyote viwili viwe mkeka mmoja.

"Nusu yangu, nusu yako," Warda alisema. "Tutaukalia mpaka tuwe vikongwe."

Kisha baba yake Warda, Mzee Mshamu, akajenga ukuta wa matofali na kutia geti la chuma. Tundu likafa. Wiki hiyo hiyo shule zikafungwa, na Warda akatoweka.

Salwa aligonga geti. Akatoka Bi Biasha, shangazi yake Warda.

"Shikamoo shangazi. Naomba kumwona Warda."

"Marahaba mwanangu. Warda hayupo."

"Amekwenda wapi?"

"Hayupo, nimekwambia. Nenda kacheze."

Salwa alipogeuka, akasikia kikohozi ndani. Kikohozi cha Warda! Angekitambua hata katikati ya soko. Hayupo, naye anakohoa? Kesho yake aligonga tena, na kesho kutwa, akajibiwa yale yale, na kikohozi kikasikika vile vile. Akamwuliza mama yake, Mwanamkuu, naye akacheka tu huku akichuja tui.

"Mambo ya wakubwa hayo. Subiri, utajua."

Wakubwa gani? Warda aliyecheza naye rede juzi tu, amekuwa mkubwa lini?

Lau ingekuwa Umwe, kijijini kwa bibi yake, pengine Salwa angekisia. Huko aliwahi kuona msichana aliyevunja ungo akiwekwa ndani, na wanawake wakipita mlangoni wakiimba. Lakini hapa mjini, kwenye nyumba ya bati la rangi na geti la chuma? Wazo hilo halikumpitia kabisa. Alichokiona yeye ni ukuta.

"Wamepata geti, wamesahau tundu," alijisemea.

Alikasirika, kisha akalia, kisha akakasirika kwa kuwa amelia. Wiki ya tatu akauchukua ukili wake, pima nane za jasho lake, akautia motoni chini ya sufuria ya maharage. Ukawaka upesi. Moyo haukutulia hata hivyo.

Jumamosi moja asubuhi ngoma ikalia nyuma ya ukuta, na geti likaachwa wazi. Mwanamkuu akamshika mwanawe mkono.

"Twende. Mwenzio anatolewa."

Warda aliletwa uani akiwa amefunikwa kanga mpya, uso ameuinamisha, ngozi inanukia liwa. Mwali! Kumbe alikuwa amewekwa ndani. Bi Biasha akatandika mkeka wa zambarau, mwembamba mno, akamkalisha mwali juu yake. Miguu ya Warda ikabaki mchangani.

"Salwa yuko wapi?" Bi Biasha akaita. "Huyu kasuka ndani siku zote hizi, na mkeka mwingine kaukataa. Kasema nusu ya pili iko kwa shoga yake. Haya mama, ilete tuishone."

Wanawake wote wakamgeukia.

"Nimeuchoma," Salwa akasema. "Nimeuchoma ukili wangu, shangazi."

Salwa akapiga magoti, akavua mtandio wake na kuutandika chini ya miguu ya rafiki yake, maana hakuwa na kingine cha kutoa. Warda hakuruhusiwa kuinua macho. Akanong'ona akiwa ameinama vile vile:

"Nilikuwa nakusikia ukigonga. Kila siku. Nilikatazwa kuitika, ndiyo maana nikawa nakohoa."

Salwa akaangua kilio mbele ya watu wote. Kikohozi alichokichukulia kuwa ushahidi kwamba anadanganywa, kumbe ndicho kilichokuwa kikimwitikia. Ama kweli, usilolijua ni kama usiku wa giza.