Fimbo Kwenye Breki

Wapendwa, kabla kwaya haijasimama tena, twendeni kwanza kwenye uwanja wa nyumba moja, Jumamosi mchana, jua linawaka. Kulikuwa na mtu na mdogo wake, nyumba zao zimetenganishwa na ukuta wa matofali unaofika kifuani. Salamu zilikuwa zimekwisha kati yao. Sababu? Maji ya mvua. Mkubwa alichimba mtaro, maji yakaingia kwa mdogo, yakabeba vitunguu vyake vyote. Mnacheka? Ninyi mmenuniana kwa jambo gani?

Siku hiyo mkubwa alikuwa anabadilisha breki za nyuma za gari lake. Diski, yale mabamba yanayobanwa na pedi, zilikuwa zimelika, na mpira wa kupitisha oili ulikuwa umepasuka, akanunua vipya. Kazi aliijua, maana marehemu baba yao alikuwa dereva wa lori na aliwafundisha wote wawili. Akapiga jeki, akavua matairi, akafunga diski mpya na pedi zake, safi kabisa. Ikabaki kutoa upepo kwenye breki.

Sasa wenye magari wananielewa: hapo wanatakiwa watu wawili. Mmoja anakaa kwenye kiti cha dereva, anakanyaga breki na kuishikilia. Mwenzake yuko chini, analegeza nati upepo utoke, anaikaza, ndipo anasema, "Achia." Ukiachia breki nati ikiwa bado wazi, upepo unarudi ndani. Tangu utotoni ndugu hawa walifanya hivyo pamoja, mdogo juu, mkubwa chini.

Basi mkubwa afanyeje? Akatafuta fimbo. Akakanyaga breki, akaibana kwa fimbo iliyoegemea kiti, akakimbilia nyuma, akalala chini, akaanza kulegeza nati.

Na mdogo? Alikuwa hapo ukutani, anajifanya anaanika maharage. Mlango wa gari ulikuwa wazi, anaona kila kitu. Mkewe akamkuta.

"Baba Tumsifu, si uende ukamkanyagie kaka yako?"

"Ameniita?"

"Mpaka akuite?"

"Mimi ndiye niliyekosewa. Mdomo anao, aniite."

Hajamaliza kusema, breki ikazama, fimbo ikakosa pa kujishikiza, ikaanguka. Breki ikarudi juu, nati iko wazi. Yule aliye chini ya gari hakuona, angeonaje? Mdogo aliona. Akafungua mdomo kabisa aseme, kisha akakumbuka vitunguu vyake, akaufunga. Akajiambia, atagundua mwenyewe akikanyaga.

Mkubwa akakaza nati, akaingia garini, akaiweka kando fimbo bila kujiuliza imeanguka lini, akakanyaga. Breki ilikuwa laini, inazama kuliko kawaida. Akalisogeza gari pale uwanjani, kwenye tambarare, likasimama. "Nadhani itakaa sawa," akasema kwa sauti, kama mtu anayetaka ajibiwe. Mdogo akainamia maharage yake.

Jumapili asubuhi mdogo alitangulia kanisani, maana ni mwanakwaya. Ndiyo, mwanakwaya! Walikuwa katikati ya wimbo mtu alipoingia anahema. Gari la kaka yake limeshindwa kusimama kwenye mteremko wa kuja kanisani, limetumbukia korongoni. Na ndani yake alikuwamo mama yao, ambaye kila Jumapili aliletwa na gari hilo. Mdogo alilijua hilo hata jana yake, alipoufunga mdomo.

Mkubwa alitoka na michubuko. Mama alivunjika nyonga, na hakutembea tena. Kule wodini wanawe walisimama, kila mmoja upande wake wa kitanda. Yule mama aliishi na dereva miaka mingi, anajua mambo ya breki. Akamuuliza mkubwa:

"Upepo ulitoa na nani?"

"Peke yangu, Mama."

Akamgeukia mdogo. "Na wewe ulikuwa wapi, mwanangu?"

Angeweza kusema hakuwapo. Lakini akashika ukingo wa kitanda. "Nilikuwa ukutani, Mama. Niliiona fimbo ikianguka. Kaka, nisamehe. Niliona."

Mkubwa akainamisha kichwa. "Nilijua uko pale, mdogo wangu. Nilitamani sana kukuita. Nikashindwa."

Mama hakuwagombeza. Aliwatazama wote wawili, akafumba macho, machozi yakamshuka mpaka kwenye mto. Heri angewatukana.

Wakapatana palepale, wakashikana mikono juu ya shuka la mama yao. Ni jambo jema, lakini linaniuma, kwa sababu walichelewa kwa siku moja tu.

Ndugu zangu, sisi tunapenda kusema, "Sijamfanyia mtu ubaya." Hata mdogo hakuligusa lile gari. Alinyamaza tu. Je, ni mangapi tumeyaona kwa wenzetu wiki hii tukanyamaza, tunangoja tuitwe? Na sisi tunaohangaika na fimbo, ndugu yuko pale tunamwona, ni nini kinachotuzuia kumwita kwa jina? Tunangoja nani avunjike kwanza ndipo tusemezane?

Mwalimu wa kwaya, naomba wimbo usubiri. Najua humu ndani wamo waliokaa benchi moja na hawajasalimiana tangu mwaka jana. Wengine wenzao wako nyumbani, na simu mnazo mifukoni. Mlango uko wazi. Inuka, nenda kamwambie ulichokiona, au kamwite aje akusaidie. Usiione aibu, hata mimi nina wangu wa kumpigia. Tutaimba tukirudi.