Senzighe Aliyeipora Pembe ya Mfumwa

Naapa kwa kaburi la mama yangu na kwa haya macho yangu mawili, nikiongeza hata punje moja radi inipasue hapa hapa nilipokaa na kiti nacho kiungue: kila neno ni kweli. Anayetaka kubisha aondoke sasa, nafasi yake wataikalia wengine.

Zamani zile, milima ikiwa bado laini, ukikanyaga jiwe unaacha unyayo, hapa Vundere aliishi Senzighe mwana wa Kajiru, mwana wa Mbonea yule aliyeinama kunywa maji kisimani na kisima kikakauka mpaka masika. Huyo Senzighe ndiye babu yetu, Mgongo wa Mwamba, Bega Lisiloulizwa Uzito, mtu ambaye akipiga chafya mbuzi wanaanguka ng'ambo ya bonde. Haya mabega yangu mnayoyaona nimeyarithi kwake, nayo ni makombo tu.

Siku hizo pembe ya kuita watu kazini ilikuwa moja, pembe ya tandala, nayo ni ya Mfumwa Sengasu, mtawala wa mlima mzima. Ikilia, kila mwenye mikono anaacha tonge hewani na kukimbilia kazi ya Mfumwa: shamba lake, boma lake, mfereji wake. Kazi ya mtu mwingine haikuitiwa pembe. Nyumba yako ikianguka, shauri lako wewe na mkeo.

Basi kikaja kimbunga. Kiliwabeba ng'ombe juu wakiwa bado wanacheua, kikang'oa migomba na kwenda kuipanda nchi za watu, mizizi juu. Kilipokwisha, nyumba za Vundere zilikuwa zimelala kama walevi, na wenyewe wameanza kufunga mizigo washuke tambarare, kijiji kife jina. Mkuyu mkubwa ulikuwa umeiangukia nyumba ya mjane Namwai, naye yumo chini yake, anaimba nyimbo za harusi ili watu wajue kwamba bado yu hai.

Hapo pembe ikalia. Ua wa Mfumwa ulikuwa umeinama.

Watu wakaenda, wakaupita ule wimbo huku wakitazama vidole vyao vya miguu. Senzighe naye alienda. Lakini wimbo ulimng'ang'ania sikioni kama mdudu, na alipofika bomani aliona mkono wake mwenyewe umekwisha kuipora ile pembe kutoka kwa mpigaji.

"Hiyo hulilia boma langu," Mfumwa akasema.

"Leo italilia nyumba ya Namwai."

"Atakayekufuata asahau mfereji wangu. Maji hatapata, hata ya kunawa."

"Mfumwa, maji kimbunga kimeshatunywesha ya kutosha."

Akaipuliza. Nyoka wa tambarare wakatoka mashimoni, wafu wakageukia ubavu wa pili. Lakini watu hawakusogea, kwa kuwa mfereji ndio shamba na shamba ndilo tumbo. Akaenda peke yake, akaukumbatia ule mkuyu.

"Nani huyo?" Namwai akauliza kutoka chini.

"Senzighe, bibi."

"Angalia unapokanyaga, mwanangu. Goti la kulia bado zima na nina mipango nalo."

Akavuta mpaka mishipa ikasimama kama mizizi na mlima ukalia kama mlango mbovu. Mti haukuinuka. Sipendi kulisema hili, ila nimeshaapa.

Ndipo akafika Nakijwa mkewe, matope mpaka magotini, akashika tawi. Akamwambia kwa sauti ya chini, "Umewaambia kwamba kwetu kumelala chini kote?"

"Nyamaza, mama. Wakijua watataka kuanza kwangu, na Mfumwa atasema nimeipora pembe kwa ajili ya paa langu."

Akaipuliza tena. Kule bomani mtu mmoja akaachia fito ya Mfumwa, akaondoka bila kuaga. Akafuata mwingine, kisha ukoo mzima, mpaka Mfumwa akabaki anauegemea ua wake peke yake. Mkuyu ukainuka. Namwai akatoka akitambaa, na neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza nani amekanyaga chungu chake.

Tangu hapo hawakusimama. Walianza kwa wajane, wakaja kwa wagonjwa, ndipo wenye nguvu. Mfumwa akaziba mfereji. Wakauzibua kwa majembe huku wakiliimba jina la Senzighe. Senzighe alibeba mapaa mazima kichwani kama kofia. Hakuna aliyemuuliza habari za kwake juu ya kilima. Nani angeuliza? Upepo gani ungethubutu kugusa nyumba ya Mgongo wa Mwamba? Hata alipoanza kukohoa, watu walidhani ni ngurumo, wakaanua nguo.

Mwisho kabisa wakafika bomani. Senzighe akasema, "Mfumwa, shika upande huo." Mfumwa akaitazama mikono yake kama ya kuazima, kisha akashika.

Ua uliposimama, Senzighe akakaa chini, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona amekaa. Wakambeba kijiji kizima kumpandisha kwake. Kule juu hapakuwa na nyumba. Palikuwa na fito zilizolala, mkeka uliooza chini ya majani ya mgomba, na Nakijwa anapuliza moto uliogoma kuwaka.

Namwai akasema, "Sisi tumelala pakavu, na aliyetuezekea analala kwenye matope."

Wakaijenga nyumba ile kumzunguka pale pale alipolala, Mfumwa mwenyewe akikanyaga udongo kwa miguu yake. Senzighe yeye anawakosoa tu: "Fito hiyo imepinda." Tita la mwisho la nyasi lilipofungwa, akatamka: "Pembe isirudi bomani. Ikae kwa mwenye nyumba dhaifu kuliko zote, na ikilia, Mfumwa naye aje."

Akafa, akiwa mkavu.

Mpaka leo pembe iko kwa mjane mmoja pale chini. Ukija kusaidia Vundere, hata uwe na mabega kama yangu, hupewi mzigo kabla hujaulizwa, "Kwako kumesimama?" Na hatuamini jibu, tunakwenda kutazama. Vimbunga vimekuja vingi, vimeondoka, sisi tupo.

Ila wale wa ng'ambo ya bonde tumewaambia siku zote kwamba Senzighe alikirukia kimbunga kilichofuata, akakikaba koo, wakapotelea wote angani, na wanatuogopa kwa hilo. Hili la kikohozi ni letu wenyewe. Nawaombeni, mkitoka hapa msimsimulie mtu.