Sange Alivyolikomba Ghala la Kiboko

Paukwa!
— Pakawa!
Aliyelala?
— Mfinye!
Aliyeshiba?
— Msogeze, anawabana wenye njaa!
Na msimulizi?
— Mwongo!

Haya. Mradi tumekubaliana, tuanze.

Zamani wanyama walikuwa na gulio lao. Kila muuzaji alikuwa na kibuyu. Mteja akinunua, muuzaji anakisemea kibuyu: fulani kanunua hiki, kakataa kile, kanung'unikia kile kingine. Kisha anakiziba kwa gunzi, chwii! Habari inabaki ndani. Msiniulize ilikaaje. Mimi redio niliwahi kuifungua kwa bisibisi nimtafute anayesema, nikamkuta mende.

Jioni vibuyu vyote vinapelekwa ghalani. Mwenye ghala alikuwa Kiboko. Alikaa mlangoni, tii! Habari zikija kuingia, anasogea. Habari zikitaka kutoka, hasogei. Ziliingia, hazikutoka. Ziliingia, hazikutoka. Na Kiboko akajiona msomi kwa yale aliyoyakalia. Kama elimu huingia kwa kukalia kitu, basi mimi ni profesa, maana mbuzi ya kukunia nazi nimeikalia maisha yangu yote.

Kule sokoni wauzaji wakabaki wanapapasa. Punda akipita: “Karibu mifupa, baba!” Simba akipita: “Mchicha, mzee, umechumwa leo!” Kobe akaitiwa viatu vya kukimbilia. Mtasema, kwani wauzaji hawakumbuki? Wateja ni msafara, na vichwa vingine ni kama changu: naingia jikoni, nasahau nimefuata nini, natoka na mwiko. Wateja wakachukia. Mmoja mmoja wakaanza kuvukia gulio la ng'ambo ya mto.

Kiboko hakujali. Yeye alikuwa na sheria yake: muuzaji asiyemaliza bidhaa yake, mahali pake panakuwa pa Kiboko kulalia.

Basi siku moja ya gulio, asubuhi, akamwendea Bi Kanga, muuza uji, mama wa vifaranga tele.

“Kanga! Leo gulio likivunjika na chungu hiki bado kina uji, nalala hapa. Vifaranga vyako vihame mapema. Mimi nikilala hugeuka.”

Akaenda zake, ndu, ndu, ndu.

Bi Kanga akalia. Jirani yake akamsikia. Jirani huyo ni Sange, yule mnyama mdogo wa vichakani mfano wa panya, pua ndefu kama mkonga uliokatiwa njiani.

“Shoga, nyamaza,” Sange akasema. “Mimi si kitu. Pua ndefu, akili fupi. Lakini pua hii haijakosa pa kuingia.”

Akachukua kibuyu, akakisemea maneno, akakiziba. Tifu, tifu, tifu, mpaka ghalani.

“Shikamoo, bwana mkubwa.”

“Marahaba. Nani huyo? Simwoni.”

“Usihangaike kuniona, hakuna cha kuona. Nimekuletea habari.”

“Za nani?”

“Zako.”

Kiboko akazibua, poo! Kibuyu kikasema: “Kiboko mzuri! Shingo hana, lakini uso anao!”

Kiboko akacheka, bo! bo! bo! “Lete nyingine!”

“Nitaleta. Ila nipe chombo changu, bwana mkubwa, na chombo cha watu hakirudi kitupu.”

Hilo mnalijua. Jirani akikuletea mboga kwenye bakuli, bakuli hulirudishi tupu. Ukilirudisha tupu, ndiyo mwisho wa mboga. Kiboko akatazama nyuma yake. Chakula alikuwa amekimaliza, hata ufagio alikuwa ameutafuna.

“Sina kitu.”

“Hata makombo, bwana mkubwa. Nitilie habari moja iliyozeeka. Ile ya Twiga na uji, kwa mfano.”

“Hiyo tu? Mjinga we!”

“Mjinga hasa. Kwetu wananijua.”

Sange akarudi mbio, kibuyu kikazibuliwa: Twiga hapendi uji wa moto, unamuunguza njia nzima. Bi Kanga akaupoza. “Baba Twiga, wa kwako huu, umepoa!” Twiga akasimama. Akanywa, gudu… gudu… gudu… wakangoja ufike. Chungu kikapungua kidole kimoja.

“Bado umejaa!” akalia Bi Kanga.

“Na yeye bado ana njaa ya sifa,” akasema Sange.

Kweli, kule ghalani Kiboko alikuwa ananguruma: “Kibuyu kidogo! Lete mtungi!”

Sange akaleta mtungi. Kiboko akazibua, akasikia sifa za meno yake, akacheka, bo! bo! bo!

“Chombo changu, bwana mkubwa, na chombo cha watu hakirudi kitupu.”

Mtungi ukarudi na habari za Nyumbu, ana jino bovu, anataka uji mwepesi. Za Ngiri, anataka wa ukwaju. Za Punda, hataki kuitwa baba, hajaoa. Wakanywa wote. Chungu kikafika nusu, na jua nalo likafika nusu.

“Mtungi mdogo!” Kiboko akapiga kelele. “Lete pipa!”

Sange akaweka pipa katikati ya soko. Wauzaji wote wakaingiza vichwa, wakapaza sauti: “Mkubwa! Mkubwa! Mkubwa!” Pipa likabingirishwa, gurugudu, gurugudu, mpaka ghalani. Kiboko akalisikiliza mpaka sauti ya mwisho ikaisha.

“Lete jingine! Upesi!”

“Chombo changu, bwana mkubwa…”

“Jaza mwenyewe! Beba utakacho! Usinicheleweshe!”

Akasogea, mlango ukawa wazi.

Sange akaingia. Zibua, mimina! Zibua, mimina! Ghala likabaki na magunzi na vibuyu vitupu.

Kule sokoni akagawa. Habari za uji kwa muuza uji. Habari za mikeka kwa muuza mikeka. Habari za ugomvi wa ndoa akazitupa, ila alizisikiliza kwanza. Wauzaji wakaita kila mteja kwa akipendacho, na waliokwisha vuka mto wakarudi wameloa. Mbele ya Bi Kanga wakasukumana. Mwiko ukagonga chini, kwaru! kwaru!

Gulio likavunjika. Kiboko huyo, na mkeka kwapani. Akachungulia chungu. Kitupu.

“Na uji wangu mimi uko wapi?”

Bi Kanga akafuta mikono. “Bwana mkubwa, tumezisikiliza habari zote, pipa zima. Apendaye moto yumo, apendaye baridi yumo. Wewe humo. Hujawahi kununua kitu.”

Soko zima likaangua kicheko. Kiboko akarudi ghalani, akatikisa kibuyu, kimya. Akatikisa kingine, kimya. Akaenda mtoni, chubwi! Mpaka leo amezama, masikio tu nje, anasikiliza kama yuko anayemsifu.

Ngano yangu nimeitua hapo. Atakaye aibebe, asiyetaka airuke, asijikwae.

Na funzo lake? Wajukuu zangu, chombo cha watu msikirudishe. Mimi kabati langu limejaa mabakuli ya majirani, na hakuna ajuaye siri zangu. Isipokuwa simu. Juzi imeniletea tangazo la meno ya bandia. Sijui nani kaiambia. Tangu siku hiyo nacheka nimefumba mdomo.