Jivu la Kaka

Ngano nairusha, mwenye masikio aidake.

Kulikuwa na kijiji ambako wasichana walipigana mieleka na wavulana, uwanja mmoja, vumbi moja. Mpiganaji hakujipaka mwenyewe jivu la kukaza mikono. Alifumba macho, mtu wa nyumbani kwake akampaka.

Mwaka mmoja zimwi likakalia kisima chao. Likasema, "Atakayeniangusha mara tatu, maji ni yake."

Wavulana wakaingia, wakaanguka wote, Mwadime akiwa wa mwisho. Ndipo akaingia mdogo wake, Wakesho.

"Mmeishiwa wanaume?" likauliza zimwi.

"Wapo, wanajikung'uta vumbi," akajibu Wakesho.

Baba akampaka jivu, Wakesho akaliangusha zimwi. Mama akampaka jivu, akaliangusha tena. Mara ya tatu akamgeukia kaka yake, akafumba macho.

"Tulia, mdogo wangu," akasema Mwadime, akampaka jivu alilolichanganya na mafuta.

Wakesho akashika, mikono ikateleza. Akashika, ikateleza. Akashika, akaanguka chali.

Zimwi likanusa viganja vyake, kisha likamtazama Mwadime. "Mimi nala watu," likasema, "lakini dada yangu sijawahi kumla." Likakikunja kisima kama mkeka, likaondoka nacho.

"Sikutaka unipite," akasema Mwadime.

"Hukupitwa, kaka. Kiu yetu ni moja."

Tangu siku hiyo, kila mpiganaji wa kijiji kile hujipaka jivu mwenyewe, macho wazi.

Ngano imetua. Mwenye maji na anywe.