Lenzi Iliyovikwa Matete

Mtu mmoja alikuwa na kamera, na kamera hiyo ilikuwa na lenzi ndefu, nyeupe, nene kama paja la mtoto. Mtu huyo aliitwa Mihambo. Alitengeneza redio na simu katika mji mdogo kando ya bwawa la matete, lakini moyo wake ulikuwa bwawani, kwa ndege. Hakuwawinda. Alitaka kuwaona tu, kwa karibu, wakifanya yale wanayofanya wanapodhani hakuna anayewatazama.

Lilikuwapo jambo moja hasa alilotaka kuliona. Korongo wenye taji, wale wenye ushungi wa rangi ya dhahabu kichwani, hutaga katikati ya matete mwishoni mwa masika. Watu wa pale waliwaona wakicheza mashambani na kuwasikia wakilia angani. Lakini hakuna aliyewahi kuona yai la korongo likipasuka. Mihambo alijiuliza: mama humsaidia kinda kutoka, au humwacha apambane na ganda peke yake? Aliuliza huku na huku. Kila mtu alikuwa na jibu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameona. Swali likamkaa.

Mwaka huo alipata kiota chenye yai moja. Akakaa mbali nacho, akaielekeza lenzi. Ndege akainua shingo, akatazama, akaondoka. Kesho yake ikawa vilevile. Mihambo akaanza kuchunguza sababu. Mtu hakuwa sababu, kwa maana wakata matete walipita karibu kuliko yeye, wakiongea na kucheka, na ndege hakutikisika. Kilichomshtua ni lenzi. Kilikuwa kitu cheupe, kinachong'aa, kilichonyooka, na bwawani hakuna kitu kilichonyooka hivyo.

Basi akaamua kuivika.

Kitambaa cha mabaka kama cha wanajeshi hakukitafuta, kwa sababu raia akionekana nacho huulizwa amekitoa wapi. Ilibidi kava litengenezwe nyumbani. Mkewe, Nyanzobe, alikuwa na cherehani. La kwanza alilishona kwa kipande cha kitenge cha kijani. Dukani kijani kile kilikuwa kizuri. Kwenye matete kiliwaka, na ndege akaondoka. La pili alilishona kwa gunia la katani. Rangi ilikaribia, lakini gunia lilikwaruza kila lenzi ilipogeuzwa, na korongo ana masikio kama alivyo na macho. Akaondoka tena.

Ndipo wakaacha kukisia, wakaanza kutazama. Mihambo alileta matete nyumbani, akayalaza juu ya meza. Wakakaa mbele yake kama watu wanaosoma barua. Wakaona kwamba hakuna tete lenye rangi moja. Chini ni jeusi kwa tope, katikati lina rangi ya majivu, juu ni la manjano, na kila mahali pana madoa ambayo mtu hayaoni mpaka ayatafute. Nyanzobe akachukua chandarua kikuukuu, akakikata. Kipande kimoja alikichemsha na majani ya chai. Kingine alikizika kwenye tope mpaka kikashika rangi. Kingine alikiacha kama kilivyochakaa. Akavikata tena vikawa vipande visivyo na umbo, akavishona juu ya shati la zamani la mumewe, laini, lisilo na sauti. Akatia lastiki mbele na nyuma. Akaacha pengo pale kidole kinapozungusha pete ya lenzi. Mwisho akachomeka nyuzi za mafunjo, zikaning'inia ovyo pembeni, kwa sababu walikuwa wamegundua neno: kinachokitoa kitu mafichoni si rangi peke yake, ni ukingo wake. Ukiuvunja ukingo, jicho linapita bila kusimama.

Mihambo aliisimamisha lenzi kwenye ua wa matete nyuma ya nyumba, akamwambia mkewe aitafute. Nyanzobe akapita mbele yake, akarudi, akapita tena. Alipoigusa kwa bahati alipiga kelele, kisha akacheka mpaka akakaa chini.

"Na wewe nikushonee lako?" aliuliza. "Lakini mama yako akija kututembelea atakutafuta mpaka achoke."

"Aje tu. Atanikalia kama kigoda."

"Si utasema, 'Mama, umenikalia'?"

"Inategemea ndege yuko wapi," alisema Mihambo.

Wakacheka wote wawili. Naye Nyanzobe akamshonea shuka la namna ileile, la kufunika kichwa na mabega.

Sasa lazima niwaeleze desturi ya bwawa lile, kwa maana bila hiyo hamtaelewa kilichotokea.

Matete yakikauka, wakata matete huchoma sehemu ya bwawa ili yachipuke mapya, ya kusukia mikeka na kuezekea. Aliyewaongoza kazi hiyo alikuwa mwanamke aitwaye Milembe, mwenye sauti inayofika ng'ambo. Milembe hakuwasha moto kabla ya kufanya mambo mawili. Alipanda juu ya kichuguu, akatazama matete yote, upande hata upande. Kisha aliita: "Mmo?" Na aliyekuwa ndani aliitika: "Nimo!" Waliogombana naye jana waliitika. Hata mwizi wa samaki, aliyekuwa anachungulia mitego ya wenzake, aliitika, akajieleza baadaye. Na aliye ndani akisema pana kiota cha korongo, wakata matete walifyeka mduara kukizunguka, moto ukakatikia hapo, na sehemu ile ikaachwa mpaka makinda yatembee. Hapakuwa na adhabu ya kuitika. Wala hapakuwa na adhabu ya kutoitika, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaza kwamba mtu anaweza kusikia akanyamaza.

Miaka iliyotangulia Milembe hakuhitaji hata kumwita Mihambo. Akiwa juu ya kichuguu aliiona lenzi nyeupe kutoka mbali. "Yule kule na bomba lake," aliwaambia wenzake. "Leo tukachome upande mwingine." Nao walikwenda.

Ikafika siku ambayo kava lilikuwa tayari. Mihambo aliingia bwawani kulipopambazuka, akajifunika shuka, akaielekeza lenzi, akatulia. Ndege alirudi. Alitua, akakunja mabawa, akatazama pande zote. Jicho lake lilipita juu ya lenzi bila kusimama. Akaingia kiotani.

Jua lilikuwa limepanda pale ndege aliposimama juu ya yai na kuinamisha shingo. Mihambo aliona ufa. Aliona pia kwamba mama hakuugusa. Aliuweka mdomo karibu na ganda, akaita kwa sauti ya chini sana, sauti ambayo Mihambo hakujua kwamba korongo anayo. Kutoka ndani ya ganda kinda akaitika. Mama akaita tena. Kinda akaitika tena, na ufa ukaongezeka. Hilo ndilo lilikuwa jibu. Hakumsaidia, wala hakumwacha. Alimwita.

Mihambo alikuwa mtu wa kwanza wa mji ule kuona jambo hilo, naye alijua. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe. Alisubiri mdomo wa kinda utokeze.

Sauti ya Milembe ikaja juu ya matete.

"Mmo?"

Mihambo aliisikia. Aliifahamu sauti, aliufahamu mwito, aliifahamu maana yake. Alifahamu pia kwamba akipaza sauti ghafla mahali ambapo ndege hakujua pana mtu, ndege ataruka, na huenda asirudi mpaka kinda awe amekwisha kutoka. Akajiambia kwamba wako mbali. Akajiambia kwamba upepo unavuma kwenda kwao. Akajiambia kwamba Milembe huita zaidi ya mara moja, naye ataitika mwito utakaofuata.

"Mmo?"

Ncha ya mdomo ikatokeza, ndogo kama punje ya mchele. Mihambo akazuia pumzi.

Juu ya kichuguu Milembe alitazama tena, upande hata upande. Alitafuta kitu cheupe. Aliona matete, na nyuma ya matete, matete. Akawageukia wenzake, mmoja wao ameshika kijinga cha moto. "Leo bwana bomba amelala kwake," alisema, nao wakacheka. Hata hivyo, kwa kuwa alikuwa mtu wa utaratibu, aliita mara ya mwisho.

"Jamani, mmo? Nawasha!"

Mihambo alibonyeza kitufe.

Moto wa matete hauji kama mtu anayetembea. Alisikia mlio kama wa vijiti vingi vinavyovunjwa kwa pamoja, akageuka, na upepo aliokuwa ameutegemea ukageuka naye. Ndege alibaki kiotani muda mrefu kuliko alivyodhani. Alikaa mpaka joto lilipofika, akafungua mabawa juu ya yai, akayafunga, kisha akaruka. Kinda alikuwa nusu ndani, nusu nje. Kati ya Mihambo na kiota palikuwa na nafasi ya kupita, na muda mfupi wa kumnyakua kinda. Lakini mikono yake yote miwili ilikuwa imeikumbatia kamera. Alikimbia kuelekea maji, akavuka yakimfika kifuani, ameinyanyua kamera juu ya kichwa kama mtu anayevusha mtoto mto uliofurika.

Alitokea upande wa wakata matete, mweusi kwa masizi, shuka likifuka moshi mabegani. Wanawake walipiga mayowe, wakidhani ni mnyama. Alipofunua uso, Milembe aliketi chini palepale, mikono kichwani.

"Wewe! Ulikuwa humo?"

"Nilikuwamo, dada."

"Ningekuua, Mihambo. Ningekuua, halafu nije msibani kumshika mkeo mkono, na mimi mwenyewe sijui." Akainuka, akamfuta masizi usoni. "Hukunisikia? Upepo uliichukua sauti? Basi, kosa ni langu. Nilipaswa kuzunguka niite na upande wa pili. Nisamehe, ndugu yangu."

Mihambo hakusema kwamba alisikia, wala hakusema kwamba hakusikia. Wenzake Milembe walikuwa wamekwisha kumzunguka, wengine wanamwagia maji, wengine wanamkagua kama ameungua. Mmoja alimtania, akasema bwana bomba amekuwa mkaa, atafutiwe gunia. Katika ahueni ile, na kwa sababu kilikuwa kitu pekee alichobakiwa nacho, Mihambo aliifungua kamera na kuwaonyesha picha.

Wakasogea karibu. Hakuna picha kama ile waliyowahi kuiona. Palikuwa na ganda lililopasuka. Palikuwa na ncha ya mdomo wa kinda, na shingo ya mama imeinama, jicho limeelekea chini, karibu kiasi kwamba mtu angeweza kuhesabu manyoya yake. Mwanamke mmoja aligusa kioo kwa kidole, taratibu, kama anayeogopa kumwamsha mtu. Mwingine alisema, "Kumbe ndivyo wanavyozaliwa." Wakapokezana kamera, na kwa muda wakasahau kwamba kiota chenyewe kilikuwa kinafuka nyuma yao.

Milembe ndiye aliyeishika mwisho. Aliitazama picha muda mrefu kuliko wengine wote. Hakuwa anamtazama ndege. Alikuwa anatazama pembe ya juu, nyuma ya shingo ya korongo, juu kidogo ya matete. Pale palikuwa na uzi mwembamba wa moshi wa kijinga, umenyooka kwenda mbinguni, na chini ya uzi kichuguu, na juu ya kichuguu mwanamke mdogo kama sisimizi, amezungusha viganja mdomoni.

Akainua macho.

"Picha hii," alisema, "uliipiga nilipoita mara ya kwanza, au ya mwisho?"

Mihambo alinyosha mikono kuipokea kamera.

Wakata matete wakachukua mapanga yao, wakaenda kuzima kingo za moto, kwa sababu palikuwa bado na bwawa la kuokoa. Mihambo alibaki amesimama na picha yake. Baadaye ilitundikwa mahali ambapo watu wengi hupita. Waliisifu, na kila aliyesimama mbele yake alisema kwamba mpigaji lazima alikuwa karibu sana.

Ninyi mnaoona mengi mkiwa mmekaa mahali ambapo hamwonekani, niambieni: kati ya Milembe, aliyewasha bila kuona, na Mihambo, aliyeona bila kuitika, ni nani aliyekichoma kiota?