Nyuki Hajui Mpaka

Nyuki hajui mpaka. Mmelisikia neno hilo leo kisimani, na sasa mnataka kujua nani alilitamka kwanza. Chanzo chake ni hiki.

Hapa kwetu, pembezoni mwa pori la miombo, Kalunde na kaka yake Mihayo waligombania shamba la marehemu baba yao. Wazee wakawaamua, wakapanda safu ya mkonge katikati. Mihayo akapata upande wa bondeni, akalima pamba. Kalunde akapata upande wa porini, pamoja na mizinga ya baba. Tangu hapo hawakutembeleana. Wakikutana njiani, walisalimiana kwa midomo tu.

Kalunde alikuwa fundi wa nyuki. Alipanda miti mwenyewe, akalina bila papara, na asali yake ilikuwa nzito, ya kulamba vidole. Ikatokea mnunuzi wa mjini akaipenda, akataka kuichukua yote, ila kwanza ikapimwe maabara. Kalunde akacheka. Ipimwe nini, na ulimi upo?

Majibu yaliletwa na bwana nyuki wa kata. Alikaa, akanywa maji, ndipo akasema, "Mama, asali yako imekutwa na dawa ya kuulia wadudu, tena imezidi kiwango. Mnunuzi hataichukua. Na mimi nakusihi, asiile mtu."

Kalunde aliona kama ametukanwa. "Mimi? Tangu nizaliwe sijashika bomba la kupulizia!"

"Najua, mama. Ni dawa ya pamba."

Kalunde akatazama bondeni. Pamba ya kaka yake ilikuwa imechanua shamba zima. Akajifunga kanga yake vizuri, akauvuka ule mkonge kwa mara ya kwanza tangu upandwe.

Alimkuta Mihayo uani akichonga mpini wa jembe, akamweleza yote. Mihayo hakuinua uso.

"Mpaka si ule pale? Mimi nimeuvuka?"

"Hujauvuka, kaka."

"Basi napulizia pamba yangu, ndani ya shamba langu. Nyuki wako wafunge kamba kama mbuzi."

Kalunde alikuwa anageuka kuondoka, mke wa Mihayo alipotoka jikoni, mikono ina unga.

"Wifi, hebu rudia. Asali ina nini?"

"Ina sumu ya pamba."

Yule mama akamgeukia mumewe. "Baba Mbuke, hiyo tunayomlambisha mtoto kila akikohoa, unadhani inatoka wapi? Nyinyi mlinuniana, sisi wanawake hatukununiana. Wifi hunijazia kibuyu kila msimu."

Mpini ukamponyoka Mihayo. Akamtazama binti yake Mbuke, aliyekuwa akicheza kivulini na mwenzake, kisha akautazama mkonge. Aliposema, sauti ilikuwa ndogo.

"Kumbe nyuki hajui mpaka."

"Hajui, kaka," Kalunde akajibu. "Sisi ndio tuliojitia kujua."

Mbuke alipelekwa zahanati siku hiyohiyo, akakutwa mzima. Asali ya msimu ule haikuuzwa. Kalunde aliimwaga shimoni yote, na ile ya kibuyu, na kaka yake ndiye aliyefukia udongo ili nyuki wasije kuilamba tena. Kalunde alilia, maana ilikuwa kazi ya mwaka mzima. Mihayo hakumbembeleza kwa maneno; alifukia tu, hadi shimo likawa sawa na ardhi.

Kuanzia hapo Mihayo hakupulizia tena kwa mazoea. Alikagua pamba kwanza, na alipoona wadudu wamezidi, alimtumia dada yake habari mapema, akangoja jioni, nyuki wakisharudi mizingani. Kalunde naye akaihamishia mizinga ndani zaidi porini. Msimu uliofuata asali ikapimwa tena, na safari hii ikarudi safi. Siku hiyo walikula pamoja, nyumbani kwa Mihayo.

Ndiyo maana hapa kwetu, mtu akifanya ubaya kwake akidhani utaishia kwake, au akisema ya jirani hayamhusu, huambiwa hivi tu: nyuki hajui mpaka.