Shimo Lililoacha Kunuka

Si kila penye utulivu pana amani. Wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha ngozi walilielewa hilo maji yakiwa yamekwisha kuzidi unga.

Shimo la maji machafu kiwandani humo lilinuka kama mayai viza, na nzi walivuma juu yake mchana kutwa. Karibu na mlango palikuwa na king'ora cha kuonya gesi ya sumu. Kila kilipolia kazi ilisimama, mpaka msimamizi, waliyembandika jina la Tuwahi, akakisokomeza tambara mdomoni. "Kina maneno kuliko mama mkwe," alisema, na watu wakacheka.

Asubuhi moja pampu ya shimoni iliziba. Fundi wa pampu, mke wa mdogo wake Tuwahi, alifunua mfuniko. Harufu ilimpiga mara moja, kisha ikakatika ghafla. Nzi walikuwa wametapakaa sakafuni, miguu juu.

"Shemeji, usishuke. Gesi hii ikizidi huua pua kwanza. Tungoje vifaa vya kupumulia," alisema akirudi nyuma.

"Harufu yenyewe imekwisha. Au unawalilia nzi?"

Tuwahi alishuka ngazi akipiga mluzi. Mluzi ulikatika katikati ya wimbo, na shimoni kukasikika mshindo mzito.

Mdogo wake alikuja mbio kumfuata. Fundi alimkumbatia mumewe kiunoni, wakaanguka pamoja.

"Niache. Ni kaka yangu yule."

"Na wewe ni mume wangu. Unataka niwazike wawili?"

Alimburuta hadi mlangoni, naye akalia kama mtoto. Mashine zilizimwa. Mwanga wa tochi ya Tuwahi ulitoka shimoni, umetulia tuli. Ndipo wote waliposikia mguno, hafifu, usiokoma, kama wa mtu aliyezibwa kinywa.

"Yu hai," mume alinong'ona.

Fundi alitega sikio. Mguno haukutoka shimoni. Ulitoka ukutani, juu ya vichwa vyao, na huenda ulikuwapo tangu alfajiri.

Alinyoosha mkono akachomoa tambara. King'ora kikapasua hewa.

Zimamoto walipomtoa Tuwahi, alikuwa amekwisha kukata roho. King'ora kililia hadi jioni, wala hakuna aliyelalamikia kelele. Mjane wake alipofika na kuuliza kilichotokea, fundi alimwonyesha lile tambara. Hakika, kimya kingi kina mshindo mkuu.